Mtu aliyeruka juu ya vichwa vya Wajerumani: picha ya 1907 na habari ya mwili kupigwa picha ukiwa kwenye mwendo

Leo naweka pembeni siasa na bei ya sangara, maana kuna picha moja imenikaa kichwani muda mrefu na kila nikimuonyesha mtu ananiambia "hiyo wameitengeneza kwenye kompyuta". Haijatengenezwa. Ilipigwa mwaka 1907, wakati huo hata Mwanza yenyewe ilikuwa na miaka 15 tu tangu Wajerumani waweke kituo chao hapa mwaka 1892.

Picha iko hivi. Kuna miti miwili imesimamishwa, juu yake kuna kijiti chembamba. Chini ya kijiti wamesimama Wazungu wawili, watu wazima, wametulia. Na juu ya kijiti, juu ya vichwa vyao kabisa, kuna kijana Mwafrika mrefu amekunja miguu yuko hewani. Hana viatu wala godoro la kuangukia. Maelezo yanasema karuka mita 2.50.

Sasa wewe mdau uliyewahi kwenda UMISSETA unajua hiyo namba maana yake nini. Rekodi ya dunia ya kuruka juu ni ya Javier Sotomayor wa Cuba, mita 2.45, aliiweka Salamanca, Hispania, tarehe 27 Julai 1993, na mpaka naandika hapa hakuna aliyeivunja. Yaani kuna mtu wa maziwa makuu alimpita Sotomayor miaka 86 kabla, peku? Ndiyo swali. Jibu lake linapitia kwenye historia nzima ya jinsi binadamu walivyojifunza kupiga picha mwili unaotembea, unaokimbia na unaoruka. Kama upo kafe na dakika zinakimbia, isevu uisome nyumbani, ni ndefu kidogo.

Tuanze na farasi. Zamani kamera ilikuwa haiwezi kukamata kitu kinachokwenda. Ulikuwa unakaa kama sanamu, ukitikisika unatoka ukungu. Ndiyo maana wazee kwenye picha za zamani wamenuna. Siyo hasira, walikuwa wameambiwa wasipumue. Basi kule California tajiri mmoja, Leland Stanford, alitaka kujua kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne inaacha ardhi. Macho hayawezi kuona, ni haraka mno. Akampa kazi mpiga picha Mwingereza, Eadweard Muybridge. Juni 1878, pale Palo Alto, Muybridge akapanga kamera 12 kwenye mstari, na farasi akipita anakata nyuzi, kila uzi unafyatua kamera moja. Jibu likapatikana: ndiyo, miguu yote inaacha ardhi, tena inakuwa imejikunja chini ya tumbo, siyo imetanuka kama wachoraji walivyokuwa wanachora miaka yote. Wachoraji wakaaibika.

Baada ya hapo Muybridge akahamia kwa binadamu. Akiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipiga watu wakitembea, wakipanda ngazi, wakirusha mpira, wakibeba ndoo, na mwaka 1887 akatoa kazi kubwa yenye kurasa 781 za picha. Wengi hawakuvaa kitu, usishangae, alitaka misuli ionekane.

Ufaransa kulikuwa na daktari anaitwa Étienne-Jules Marey. Huyu yeye mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, unalenga ndege anaruka, unavuta kifyatulio, inapiga picha 12 ndani ya sekunde moja. Kisha akamvalisha mtu nguo nyeusi tupu zenye mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akamkimbiza mbele ya ukuta mweusi, na kwenye picha ikatoka mistari tu, kama mifupa inayocheza. Ukiona siku hizi wanatengeneza gemu za mpira kwa kumvalisha mchezaji nguo zenye vidoti, babu wa mambo hayo ni Marey.

Mpaka hapo ni sayansi safi, inapendeza. Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio unatuhusu sisi.

Mwaka 1869, hata kabla ya farasi wa Stanford, Mwingereza mmoja anaitwa Lamprey alipendekeza kuwa watu wa "makabila" wapigwe picha uchi mbele ya fremu iliyofumwa nyuzi za hariri zenye miraba ya inchi mbili, ili mwili uweze kupimwa na kulinganishwa. Muybridge naye baadaye akaweka miraba nyuma ya watu wake, na mmoja wa waliosimamishwa mbele ya miraba hiyo mapema kabisa ni bondia mweusi, Ben Bailey. Halafu mwaka 1895 pale Paris kulikuwa na maonesho ambapo watu wa Afrika Magharibi waliletwa wakae kwenye kijiji cha bandia, Wazungu wanalipa kiingilio kuja kuwatazama. Daktari Félix-Louis Regnault akaenda na kamera ya mtindo wa Marey, akawapiga wakitembea, wakichuchumaa, wakipanda mti, na mama mmoja wa Kiwolofu akifinyanga chungu. Lengo lake lilikuwa kulinganisha mwendo wa "mshenzi" na mwendo wa mwanajeshi wa Kifaransa. Kinachochekesha ni kwamba Regnault aliona wale wanaotembea magoti yamepinda kidogo hawachoki haraka, akaandika kitabu cha kushauri wanajeshi wa kwao watembee hivyohivyo. Yaani unamwita mtu mshenzi halafu unamuiga kutembea.

Kwetu huku kamera ya sinema ilifika kusini. Mwaka 1906 alikuja Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha vizuri. Akaenda Lindi, Masasi, Newala, kwa Wayao na Wamakonde, akiwa na kamera ya sinema ya kuzungusha kwa mkono na mashine ya kurekodi sauti, anapiga ngoma na mambo ya unyago. Nimemtaja Weule kwa sababu moja. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, ndugu zetu, na mnyampara wao alijulikana kwa jina Pesa Mbili. Weule alimpa karatasi na penseli achore, na michoro ya watu wa msafara na wenyeji ikaingia kwenye kitabu. Kwa hiyo Pesa Mbili tunamjua walau kwa jina la utani, na tunajua mkono wake ulivyochora. Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa twende kwenye picha yetu.

Mwaka 1907 Rwanda, Burundi na Tanganyika vyote vilikuwa kitu kimoja, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwanamfalme wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, akaja na msafara mkubwa wa kisayansi: mtu wa mawe, mtu wa mimea, mtu wa wanyama, daktari, mpima ramani, na mtu wa kupima binadamu, Jan Czekanowski, Mpolandi. Hawakutembea kutoka pwani kama wazee wa msafara wa pembe. Walishuka Mombasa, wakapanda reli ya Uganda mpaka Kisumu, wakavuka ziwa letu kwa meli mpaka Bukoba. Pale Bukoba ndipo msafara wenyewe ulipojipanga na kuanza kwenda magharibi kwa miguu, na wapagazi kibao. Kwa hiyo ile kamera iliyopiga picha tunayoizungumzia ilipita kwenye maji haya haya.

Wakafika Nyanza. Siyo Nyanza yetu hii ya ziwa na chama cha ushirika, ni Nyanza ya Rwanda, makao ya mwami Yuhi Musinga. Mwami akawaandalia michezo, na mmojawapo ulikuwa gusimbuka urukiramende, kuruka kijiti. Huu haukuwa mchezo wa kubahatisha, vijana waliolelewa ikulu walikuwa wanafundishwa kucheza ngoma, kurusha mkuki, kukimbia na kuruka. Mwanamfalme akashangaa, akapima, akaandika kuwa walio bora walifika mita 2.50 na hata watoto waliruka mita moja na nusu na zaidi. Kisha akasimama mwenyewe chini ya kijiti pamoja na msaidizi wake, Luteni von Wiese, kijana akaruka, picha ikapigwa. Ikatoka kwenye kitabu chake cha mwaka 1909, na kuanzia hapo ikazunguka dunia nzima.

Wakati ule rekodi iliyokuwa inatambulika ilikuwa mita 1.97, ya Mmarekani Michael Sweeney, ya mwaka 1895. Mita 2.00 ilikuja kuvukwa 1912. Kwa hiyo fikiria msomaji wa Berlin anafungua kitabu anakuta mtu kapita nusu mita juu ya bingwa wa dunia.

Je, ni kweli? Mimi nimekaa nimefikiria, na hii ni hukumu yangu, unaruhusiwa kubisha.

Kwanza, warukaji wale walikuwa wanarukia juu ya kitu: jiwe dogo au kichuguu mbele ya kijiti. Mwanamfalme mwenyewe hakulificha hilo, alitaja kuwa mahali pa kurukia paliinuka kidogo. Kwenye riadha ya leo hiyo hairuhusiwi. Na siyo suala la kutoa urefu wa jiwe tu kwenye 2.50 ukapata jibu, kwa sababu jiwe linabadilisha pia jinsi mguu unavyosukuma, mwendo wa kwenda mbele unageuka kwenda juu kirahisi zaidi. Ukitaka kujaribu, kimbia ukakanyage ukingo wa mtaro uone unavyorushwa.

Lakini upande mwingine wa mizani, jamaa alikuwa anatua kwa miguu kwenye ardhi ngumu. Wanaorukia leo wanapita kwa mgongo, mtindo ulioletwa na Dick Fosbury kwenye Olimpiki ya Mexico 1968. Ujanja wake ni kwamba mwili unajipinda juu ya fito kama upinde, kila kiungo kinapita kwa zamu yake, na kitovu cha uzito kinaweza kupita chini ya fito huku mwili wote umepita juu. Huwezi kufanya hivyo bila godoro nene, utavunja shingo. Shuleni kwetu tulikuwa tunaruka kwa mkasi, mwanzi juu, chini mchanga, na mchanga wenyewe umekauka kama saruji. Niliwahi kujaribu mgongo mara moja nikalala siku mbili. Kijana wa Nyanza alipita ameketi hewani, magoti kifuani, yaani uzito wake wote uliinuliwa juu ya kijiti. Kwa hiyo hata ukitoa jiwe, na hata ukisema kipimo kilizidishwa kidogo, bado yule alikuwa mrukaji hatari. Ila kusema alimshinda Sotomayor, hapana, ni michezo miwili tofauti. Ni kama kulinganisha mitumbwi ya makasia na boti ya injini eti nani kafika Ukerewe mapema.

Na hapa ndipo picha yenyewe inapotuangusha. Muybridge angepanga kamera 12. Tungeona hatua za kukimbilia, mguu gani umekanyaga, umekanyaga nini, ameinuka vipi, ametua vipi. Mwanamfalme alitupa picha moja tu, ya sekunde ile tamu, mwili uko hewani na Wazungu wako chini. Picha moja inakupa mshangao. Haikupi mwendo. Pia kamera ikiwekwa chini kidogo, kilicho juu kinazidi kuonekana juu, kila mpiga picha wa harusi analijua hili.

Tena angalia nani ana jina. Adolf Friedrich tunamjua, von Wiese tunamjua. Aliyeruka hana jina. Ameandikwa "Mtutsi" basi. Mtu aliyefanya kazi yote kwenye ile picha ndiye asiyejulikana, na waliosimama tu wameandikwa. Pesa Mbili alikuwa na bahati kuliko yeye.

Hilo neno "Mtutsi" ndilo lililobeba mzigo mzito. Wajerumani hawakusema "huyu amefundishwa vizuri". Walisema ni mbio ya damu, watu warefu waliotoka mbali, kaskazini huko, watawala wa asili, siyo kama Wahutu. Wakati picha zinapigwa, Czekanowski alikuwa anapima maelfu ya watu, vichwa, pua, urefu. Na msafara haukuishia kupima walio hai. Ulirudi Ujerumani na mafuvu zaidi ya 1,000 ya binadamu. Mengi ya mafuvu hayo yalilala maghalani Berlin zaidi ya miaka 100. Mwaka 2023 taasisi ya urithi wa Prussia iliyokuja kuyarithi ilitoa matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki: 904 yalitoka maeneo ya Rwanda ya sasa, 202 Tanzania, 22 Kenya, na mengine saba hayakujulikana. Kwa vipimo vya vinasaba wakapata hata ndugu wa damu walio hai Kilimanjaro. Kwa hiyo unapoitazama ile picha nzuri ya kuruka, ujue sanduku la kamera na sanduku la mafuvu vilikuwa kwenye msafara mmoja.

Baada ya vita ya kwanza Wabelgiji wakaichukua Rwanda, wakaendeleza hesabu zile zile, na miaka ya 1930 wakawaandikia watu kwenye vitambulisho: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Picha za warukaji ziliendelea kuchapishwa kama ushahidi kwamba Watutsi ni watu wa namna nyingine. Mnaonaje, sifa inaweza kuua? Maana ukimsifia mtu kwamba yeye siyo wa hapa, siku upepo ukigeuka, sifa ile ile inakuwa kesi. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya akahutubia kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Nyabarongo inaingia Kagera. Kagera inaingia kwenye ziwa letu.

Mwaka 1994 ikawa. Waliouawa Rwanda kati ya Aprili na Julai ni zaidi ya 800,000, na serikali ya Rwanda inasema wanazidi milioni. Miili ilishuka na mto mpaka ziwani. Wengi wenu mnaosoma mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa wadogo, waulizeni wazazi kuhusu miezi ile watu wa kando ya ziwa walivyoogopa kula samaki. Upande wa Uganda kuna makaburi ya pamoja, Kasensero, Lambu na Ggolo, ya watu waliotolewa majini.

Sisemi kwamba picha moja iliua watu. Waliua watu, na mipango yao inajulikana. Ninachosema ni kwamba kamera ya mwaka 1907 haikuona mchezaji, iliona mbio ya damu, na maelezo yaliyobandikwa chini ya picha yaliishi kuliko picha.

Mwanamfalme mwenyewe aliendelea vizuri tu na maisha. Akawa gavana wa Togo, akaingia kamati ya kimataifa ya Olimpiki mwaka 1926, na mwaka 1949 akawa rais wa kwanza wa kamati ya Olimpiki ya Ujerumani Magharibi. Alifariki 1969. Rwanda ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1984, Los Angeles. Mchezo wa urukiramende ulikuwa umeshakufa kama mashindano ya kawaida muda mrefu kabla ya hapo; riadha ya fito na mchanga ya shule za wamisheni ndiyo iliyobaki.

Mwezi uliopita nilikuwa Bujora, pale kwenye makumbusho ya Wasukuma, vijana wanacheza bugobogobo na majembe yao. Mmoja akarusha jembe juu, akajirusha na yeye, akalidaka kabla hajatua. Watu kama ishirini walikuwa na simu zimeinuliwa. Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha 30 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya bunduki ya Marey, na ukiweka mwendo wa polepole unaona kila kidole. Nami nilirekodi. Baada ya ngoma nikamfuata, nikamuuliza anaitwa nani. Akacheka, akasema miaka yote anayocheza pale hajawahi kuulizwa na mtu mwenye simu. Jina kanipa, ila kaniomba nisiliweke mtandaoni mpaka amuulize kiongozi wa kikundi, kwa hiyo video ipo kwangu na jina lipo kwangu, nasubiri.

Kama kuna mdau wa Bukoba au Karagwe ambaye wazee wake walibeba mizigo kwenye huo msafara wa 1907 na kuna hadithi imebaki nyumbani, aandike hapo chini tafadhali, hata kwa Kihaya, tutatafsiriana.